Kabla Hujatia Saini Mkataba wa Ghuba

Ndugu msomaji, tuanze na meza ya chakula cha jioni. Sahani zimekwisha kuondolewa, watoto wametumwa wakalale, na juu ya kitambaa cha meza imebaki karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Ni barua ya kazi. Shule moja ya Dubai, au ya Doha, au ya Maskati, inamtaka mwalimu wa hisabati, na aliyechaguliwa ni mama wa nyumba hii, au ni baba, au ni wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu. Mshahara uliotajwa humo, ukiugeuza kuwa shilingi, unaupita mara kadhaa ule unaopokewa hapa kila mwisho wa mwezi. Kuna nyumba ya kukaa, kuna tiketi ya ndege, kuna matibabu. Kilichosalia ni kalamu.

Kila aisomaye barua ya namna hiyo huanza kupiga hesabu, na hiyo ni haki yake. Karo ya watoto inangoja, kiwanja kina majani tu, na deni la dukani halijesha. Nia ya makala haya si kumkataza mtu kwenda, wala si kumsukuma aende. Nia ni kukumbusha kwamba hesabu ziko mbili. Ya kwanza ni ya mshahara, nayo imeandikwa katika barua. Ya pili ni ya nyumba, nayo haikuandikwa popote, na wengi huanza kuipiga wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Neno tutakalolisisitiza ni moja. Mwalimu wa kigeni katika nchi za Ghuba huajiriwa kwa muda. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, na ndivyo ilivyo hata leo. Mkataba una tarehe ya mwisho, bali mume, mke, watoto na wazazi hawana tarehe ya mwisho. Aondokaye akiwa ameipanga siku ya kurudi huweza kufaidika sana. Aondokaye akidhani amepata makao mapya huenda akarejea na masanduku matupu.

MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Tunaposema Ghuba tuna maana ya nchi sita: Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar, Bahrain na Omani, ambazo mwaka 1981 ziliunda baraza lao la ushirikiano. Leo tukizitaja, macho huona maghorofa ya vioo na barabara pana. Lakini wako wazee wa huko waliojifunza kusoma juu ya mchanga, na waliowafundisha, kwa sehemu kubwa, walikuwa wageni.

Kuwait ilipata shule yake ya kwanza ya mtindo wa kisasa, Mubarakiya, mwaka 1911. Mwaka 1936, miaka miwili kabla mafuta hayajagunduliwa nchini humo, iliwaleta walimu kutoka Palestina. Hao wa kwanza walikuwa wanne tu. Mafuta yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1946, shule zikaongezeka na walimu wakazidi kumiminika, Wapalestina na Wamisri wakiwa wengi. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Ghassan Kanafani, aliyefundisha Kuwait katika miaka ya 1950 kabla hajawa mwandishi mashuhuri. Riwaya yake fupi iliyotoka mwaka 1963 inawahusu watu watatu wanaokufa ndani ya tangi la lori la maji wakijaribu kuvuka mpaka ili wakatafute kazi huko. Kumbe tamaa ya Ghuba, na gharama zake, si mambo ya jana.

Habari ya Omani inatugusa sisi zaidi. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu rasmi, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Shule mpya zilipofunguliwa, majengo hayakutosha, hivyo watoto wakafundishwa ndani ya mahema na chini ya miti. Walimu wakaagizwa kutoka Misri, Sudan na Jordan. Wakati huohuo Waomani waliozaliwa au kukulia Zanzibar na bara, ambao wengi wao walihama baada ya Mapinduzi ya 1964, waliitikia mwito wa kurudi katika nchi ya wazee wao. Walikwenda na elimu waliyoipata katika shule za Afrika Mashariki, wakaingia ofisini, hospitalini na madarasani. Ndiyo sababu mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa, akitembea katika mitaa ya Maskati, huweza kusikia mtu akiitwa kwa Kiswahili kutoka dukani, akageuka kwa mshangao.

MWALIMU HUMLEA MRITHI WAKE

Hapa, ndugu msomaji, pana tofauti kubwa kati ya mwalimu na mafundi wengine waendao ng'ambo. Mwashi akimaliza ghorofa, lile ghorofa haliwezi kushika mwiko likachukua kazi yake. Lakini mwalimu kazi yake ni watu. Mtoto amfundishaye leo kugawanya na kuzidisha, kesho hufuzu, akarudi shuleni na cheti chake, akasimama palepale ubaoni. Mwalimu mgeni akifanya kazi yake vizuri, humlea yule atakayeshika nafasi yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda Omani. Mwaka 1986 nchi hiyo ilifungua Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na kitivo cha elimu kilikuwa miongoni mwa vitivo vyake vya kwanza. Watoto wa mahema wakawa walimu, na leo sehemu kubwa ya walimu wa shule za serikali za Omani ni Waomani wenyewe. Hapana dhuluma katika jambo hilo. Kila nchi hutaka watoto wake wafundishwe na watu wake, nasi tulitaka hivyohivyo tulipopata uhuru. Walakini yule mwalimu Mmisri ambaye hakuwahi kujiuliza atafanya nini baada ya hapo, kwake siku hiyo ilikuwa nzito.

Kuwait inatupa funzo kali zaidi. Mpaka mwaka 1990 Wapalestina waliokuwa wakiishi huko walikaribia 400,000, na walimu wengi walikuwa miongoni mwao. Wengine walikuwa wamekaa miaka thelathini, watoto wao wamezaliwa huko na hawakuijua nchi nyingine. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraq yakaivamia Kuwait. Uongozi wa Wapalestina ukaonekana kuiunga mkono Iraq, na Kuwait ilipokombolewa Februari 1991, walio wengi hawakuruhusiwa kurudi au walilazimika kuondoka. Walikuwa wameifundisha nchi kusoma na kuandika, lakini haki ya kubaki hawakuwa nayo, maana hawakuwa raia.

Hatusemi haya ili kutisha. Mambo ya Kuwait hayatokei kila mwaka. Lakini msingi wake haujabadilika sana: kibali cha kukaa hufuata kazi. Kwa muda mrefu nchi za Ghuba ziliendesha utaratibu wa udhamini, ambamo mwajiri ndiye mdhamini wako, kwa Kiarabu kafili, na bila ridhaa yake hukuweza kuhamia kazi nyingine, na katika baadhi ya nchi hukuweza hata kusafiri. Utaratibu huo umelegezwa. Qatar mwaka 2020, Omani Januari 2021 na Saudi Arabia Machi 2021 zilipunguza masharti ya kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Huo ni unafuu wa kweli. Hata hivyo kazi ikiisha na nyingine isipatikane, siku za kukaa nazo zinahesabika.

BARUA ISOME MARA TATU

Basi turudi kwenye ile barua iliyo mezani. Isome mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kalamu, na mara ya tatu pamoja na mwenzako wa ndoa.

Jambo la kwanza la kutazama ni mgawanyo wa mshahara. Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Shule mbili katika Umoja wa Falme za Kiarabu zinakuahidi dirhamu 10,000 kwa mwezi. Ya kwanza inasema mshahara wa msingi ni 6,000 na marupurupu ni 4,000. Ya pili inasema msingi ni 3,000 na marupurupu ni 7,000. Mwisho wa mwezi utapokea kiasi kilekile, nawe waweza kudhani hapana tofauti. Tofauti ipo, na ni kubwa. Sheria ya kazi ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi wa kigeni katika sekta ya binafsi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Lakini hesabu hiyo hufanywa kwa mshahara wa msingi peke yake. Mwalimu wa shule ya kwanza, baada ya miaka mitano, ataondoka na dirhamu 21,000. Wa shule ya pili ataondoka na 10,500. Nusu nzima imepotea kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuusoma.

Jambo la pili ni gharama za kukupeleka. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Kwa hiyo wakala anayetaka fedha nyingi mkononi kabla hujauona mkataba, mwogope. Vilevile tangu mwaka 2016 barua ya kazi na mkataba unaosajiliwa katika wizara ya kazi ya nchi hiyo hupaswa kufanana. Weka nakala ya barua yako, na nyingine mwachie mwenzako nyumbani, ili ukifika na kuwekewa karatasi nyingine mbele yako, uwe na cha kulinganisha. Na yeyote akuambiaye uende kwa viza ya matembezi, kwamba mambo mengine yatatengenezwa hukohuko, huyo anakutaka ubebe hatari ambayo yeye haibebi.

Jambo la tatu ni pasipoti. Sheria inamkataza mwajiri kuzuia hati za mfanyakazi. Pasipoti hutolewa kwa shughuli za viza, kisha hurudi kwa mwenyewe. Ikicheleweshwa, iulizie kwa adabu, lakini usichoke kuiulizia.

Jambo la nne ni vyeti. Shahada yako huhitaji kuthibitishwa, kwa kawaida hapa nyumbani kwanza na kisha kwa utaratibu wa nchi uendako. Kazi hii huchukua muda na fedha, basi uliza mapema ni nani atakayelipa, na vyeti halisi usivikabidhi kwa mtu usiyemjua ofisi yake.

UBAONI NA NJE YA LANGO

Wageni wengi hufundisha katika shule za binafsi, zinazofuata mitaala ya Uingereza, ya Marekani au ya India. Huko mzazi hulipa karo kubwa, naye hudai apewe anachokilipia. Dubai ilianza mwaka 2008 kuzikagua shule za binafsi na kuzitangazia daraja hadharani, na mwalimu huuhisi uzito wa mkaguzi hata kabla hajaingia darasani. Ripoti ni nyingi, mikutano ni mingi, na mtoto mmoja akishindwa huandikiwa maelezo ya kurasa. Aliyezoea kufundisha wanafunzi themanini kwa chaki na sauti yake hufurahi kuwakuta ishirini na tano, kisha hugundua kwamba uchache wa wanafunzi haukupunguza kazi.

Juma lenyewe lina mpangilio wake. Omani na Saudi Arabia, tangu mwaka 2013, hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulibadili Januari 2022, serikali yake ikapumzika Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa. Mkristo aliyezoea ibada ya Jumapili, na Mwislamu aliyezoea kazi ya Ijumaa asubuhi, kila mmoja atajipanga upya. Joto la kiangazi hupita nyuzi 45, na serikali huzuia kazi za juani wakati wa adhuhuri. Mwalimu yuko ndani ya kiyoyozi, lakini humwona dirishani mjenzi mwenzake mgeni, naye hukumbuka kwamba katika Ghuba wageni nao wana matabaka.

Tena tuseme wazi lisemwalo chini kwa chini. Walimu wawili wenye shahada moja, wanaofundisha somo moja katika shule moja, huweza kulipwa tofauti kwa sababu ya pasipoti zao. Jambo hili huumiza moyo. Ulijue kabla hujaondoka, uulize viwango vya shule, na uamue ukiwa nyumbani kama kiasi ulichopewa kinakutosha. Usingoje ulijue kutoka kwa mwenzako katika chumba cha walimu, kisha ukaifundisha miaka miwili kwa kinyongo.

Mavazi ya heshima, staha wakati wa Ramadhani, na uangalifu wa maneno ni mambo yanayojulikana. Ila wengi hawajui kwamba katika baadhi ya nchi hizo tusi lililoandikwa katika ujumbe wa simu laweza kumfikisha mtu mahakamani. Maneno ambayo hapa yangeisha kwa kuombana radhi, huko yaweza kumaliza ajira. Kadhalika deni. Benki humkopesha mwenye mkataba kwa wepesi wa kushangaza, lakini mwenye deni asilolilipa huweza kuzuiwa kusafiri. Anayekopa gari ili afanane na wenzake ameuza siku yake ya kurudi.

NYUMBA ILIYOBAKI

Sasa tufike kwenye hesabu ya pili, ile isiyoandikwa.

Swali la kwanza: je, familia itakwenda au itabaki? Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2019, mfanyakazi huweza kuidhamini familia yake akiwa na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Hiyo ni ruhusa ya kuingia tu, haimaanishi kwamba fedha hizo zatosha kuishi. Saudi Arabia ilianza Julai 2017 kutoza riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni, na kufikia mwaka 2020 tozo hiyo ilikuwa riyali 400. Mke na watoto watatu wakawa riyali 1,600 kila mwezi kabla hawajala. Na watoto wa wageni wengi husoma katika shule za kulipia. Kwa hiyo uliza kwa maandishi kama watoto wa mwalimu husoma bure shuleni kwako, ni wangapi, na kwa kiasi gani.

Wengi, baada ya hesabu hiyo, huamua kwamba mmoja aende na wengine wabaki. Tuseme aendaye ni mama. Hapo majirani watanena yao. Watamwuliza baba kama sasa yeye ndiye apikaye uji. Ndiyo, ndiye apikaye, na hapungukiwi kitu. Baba aliyebaki amekabidhiwa kazi iliyo ngumu kuliko ile ya Ghuba, kwa maana mkewe huko ana saa za kuingia kazini na saa za kutoka, ilhali yeye hana. Mume na mke walizungumze jambo hili kabla ya safari, kwa maneno ya wazi: nani atakwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, nani atakuwa na watoto baba akiwa zamu ya usiku, nani ataitwa mama mkwe akiugua. Haya hayasuluhishwi vizuri kwa simu saa sita za usiku.

Watoto nao waambiwe ukweli. Mtoto aliyeachwa darasa la tatu, mkataba wa miaka miwili ukirudiwa mara moja tu, atakutwa darasa la saba. Sauti itakuwa nyingine. Liko jambo moja linalosaidia ambalo wengi hawalitumii: saa za Doha, Riyadh na Kuwait ni saa zilezile za Dar es Salaam na Nairobi, na Dubai na Maskati wametangulia kwa saa moja tu. Mzazi aliye huko huweza kukaa na mwanawe kila jioni wakapitia pamoja daftari la hisabati kwa simu, katika wakati wa kawaida wa mtoto. Simu isiwe ya kuulizia fedha na kutoa amri peke yake. Mtoto anayefundishwa na mama yake nusu saa kila jioni anajua kwamba anaye mama. Anayetumiwa viatu tu, anajua kwamba anavyo viatu.

Sasa fedha. Kuna mkasa unaojulikana karibu katika kila mtaa. Ndugu alitumiwa fedha za kujenga msingi, akatuma picha ya msingi. Akatumiwa za ukuta, akatuma picha ya ukuta. Mwenye nyumba aliporudi akakuta kwamba picha zote zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine. Usicheke, ndugu msomaji, kwani pale panapovunjika ni zaidi ya nyumba. Undugu nao huvunjika. Ni afadhali kumkinga ndugu na kishawishi kuliko kumlaumu baadaye. Kiwanja kiwe na hati yenye majina ya wenye nyumba. Fedha za ujenzi zikae katika akaunti ambayo haichukuliwi kwa saini ya mtu mmoja. Na fedha zitumwazo zigawanywe tangu mwezi wa kwanza katika mafungu matatu: la matumizi ya nyumba, la karo na ujenzi, na la akiba ambayo haiguswi na harusi wala na msiba wa jirani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai hata ukimimina pishi.

Wazazi wazee pia wawekwe katika hesabu. Machi 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege na madarasa yakahamia kwenye mitandao, wako walimu waliofuata maziko ya wazazi wao kwa kioo cha simu, wakiwa wamekaa peke yao chumbani. Hapana mkataba uwezao kumkinga mtu na jambo hilo. Lakini aliyekuwa amepatana na ndugu zake nani atampeleka mama hospitalini na nani atalipa, alilia kwa huzuni tu. Ambaye hakupatana nao, alilia kwa huzuni na kwa majuto pia.

SIKU YA KURUDI

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kama wewe ni mtumishi wa umma au wa shirika, mwulize mwajiri wako, kwa maandishi, kama unaweza kupewa likizo bila malipo, na kwa masharti gani. Usipotee kazini kimyakimya, kwa kuwa siku ya kurudi ndiyo itakayokudai maelezo. Uulize pia mfuko wako wa hifadhi ya jamii kama waweza kuendelea kuchangia ukiwa nje, maana kiinua mgongo cha Ghuba hulipwa mara moja, nacho si pensheni. Miaka kumi bila kuchangia popote ni miaka kumi iliyokatwa katika uzee wako.

Kila mwaka utakaomaliza, omba barua ya uzoefu wa kazi yenye muhuri wa shule. Weka pia vitabu, mbinu na masomo mapya uliyoyapata, kwa sababu hayo ndiyo mali ambayo hakuna afisa wa uwanja wa ndege atakayeipima. Mwalimu aliyejifunza huko namna ya kumfuatilia mtoto mmoja mmoja, akirudi kwenye darasa la themanini, hawezi kufanya kila kitu, lakini hafundishi tena kama alivyofundisha zamani.

Na zaidi ya yote, iandikeni siku ya kurudi. Iandikeni katika kalenda ya ukutani, watoto wakiona: mwaka fulani, mwezi fulani, mama anarudi. Yaweza kuahirishwa kwa shauri la nyumba nzima, lakini isiahirishwe na mtu mmoja aliye mbali kwa kuona kwamba mshahara bado mtamu. Kila mara mkataba unapotaka kurudiwa, ile karatasi na irudi mezani, ijadiliwe upya kama mara ya kwanza.

Wazee wetu wa pwani waliijua Ghuba kabla haijawa na mafuta wala ndege. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, yakapanda na kusi yakichukua boriti za mikoko. Hakuna nahodha aliyeng'oa nanga bila kujua ni upepo gani utakaomrudisha, na mkewe nyumbani aliujua msimu huo vilevile, akautazamia. Bahari ilikuwa kubwa na hatari, lakini nyumba ilijua imngoje lini mtu wake.

Basi, ndugu msomaji, chukua ile karatasi, ikunjue, na umwite mwenzako akae. Isomeni pamoja. Mkiona hesabu zote mbili zimekubali, tieni saini kwa moyo mmoja, na msafiri aende salama. Ikiwa moja imekataa, acheni kalamu ilale mezani usiku huu. Kesho asubuhi watoto wataamka, nanyi mtalifikiri tena jambo hilo mchana kweupe.